Mkate Ukirudi Mezani pa Mtoto

Katika nyumba nyingi za miji yetu, Bukavu au Lubumbashi, Goma au Kisangani, siku huanza kwa mkate. Baba hununua, mama hukata, watoto hunyosha mikono. Mkate umekuwa ishara ya nyumba isiyo na njaa. Hata katika sala zetu twaomba tupewe mkate wa kila siku. Nani basi angefikiri kwamba chakula chema hivyo chaweza kumwumiza mtoto?

Hata hivyo, wako watoto ambao mganga amewakataza mkate na kila kitu cha unga wa ngano. Wako pia ambao wazazi wenyewe wamewakataza, kwa sababu jirani alishauri, au kwa sababu waliona tumbo la mtoto limevimba. Miezi yapita. Mtoto ananenepa, anacheza, anacheka. Ndipo swali linapozaliwa nyumbani: Je, sasa tumrudishie mkate?

Swali hilo laonekana dogo, kumbe lina uzito mkubwa. Wengine hurudisha mkate kwa haraka, nao hubomoa kwa majuma machache kazi ya mwaka mzima. Wengine huogopa daima, nao humfunga mtoto katika katazo lisilo na sababu. Leo twataka kulitazama jambo hili pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, kwa utulivu na kwa utaratibu.

KITU GANI KIMO NDANI YA NGANO?

Mama akikanda unga wa ngano kwa maji, donge lavutika kama mpira bila kukatika. Unga wa muhogo au wa mahindi haufanyi hivyo. Kinachovuta ni gluteni, nayo ni sehemu ya protini ya ngano. Imo pia katika nafaka mbili zilizo ndugu zake: shayiri, ambayo watu hutengenezea bia, na rai, nafaka ya nchi za baridi. Gluteni ndiyo inayoushika mkate ili uumuke na kusimama. Kwa watu walio wengi haina madhara yoyote.

Lakini kwa mtu mmoja hivi katika kila watu 100 duniani, mwili huiona gluteni kama adui. Tujue kwamba ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba wafanana na kitambaa cha mahameli: una manyoya madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kunyonya chakula na kukipeleka katika damu. Gluteni ikiingia, askari wa mwili, ambao wangepaswa kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia ukuta huo. Manyoya hulala, kisha hufutika. Hapo mtoto hula, lakini chakula chapita bure. Huhara mara kwa mara, choo chake kina mafuta na harufu kali, tumbo lavimba, mikono na mapaja yakonda, damu yapungua, kimo chasimama. Mara nyingi hata tabia yake hubadilika: mtoto aliyekuwa mchangamfu huwa mwenye uchungu na kulialia. Ugonjwa huo waganga huuita seliaki.

Hauambukizwi, wala hautokani na kosa la mama. Huwashika wale waliozaliwa na alama fulani ya urithi katika damu yao, ingawa wengi wenye alama hiyo hawaugui kamwe. Wala tusiseme kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 waganga walitangaza kwamba walipopima karibu watoto 1000 wa Wasaharawi, watu wa jangwa la Sahara, waliukuta kwa watoto zaidi ya watano katika kila 100.

KOME, NDIZI NA MKATE

Historia ya ugonjwa huu yatufundisha jambo lile lile tunalolitafuta leo, kwa maana mara kwa mara ukweli ulionekana pale chakula kilichoondolewa kiliporudishwa.

Mwaka 1887, katika mji wa London, mganga Samuel Gee aliwaeleza wenzake hali ya watoto hao wenye kukonda, na maneno yake yakachapwa mwaka 1888. Alisema kwamba kama mgonjwa aweza kupona, atapona kwa njia ya chakula. Akasimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kila siku chombo cha lita moja hivi cha kome wa Uholanzi. Mtoto alistawi ajabu. Majira ya kome yalipokwisha, akaugua tena. Na majira yaliyofuata, kome wakaletwa, naye akakataa kabisa kuwala. Gee alikuwa amekaribia mlango wa ukweli, lakini hakuona ufunguo. Yeye alitafuta chakula kinachoponya. Hakujua kwamba yampasa kutafuta kile kinachoumiza.

Baadaye, mwaka 1924, mganga Sidney Haas wa New York huko Marekani alitangaza dawa yake: ndizi. Alikuwa ameona kwamba katika kisiwa cha Puerto Rico watu wa mjini waliokula mkate walisumbuliwa na ugonjwa wa matumbo, lakini wakulima waliokula ndizi hawakusumbuliwa. Basi akawalisha watoto ndizi mbivu nyingi, na kuwakataza mkate, viazi na nafaka zote. Watoto waliokuwa karibu na kaburi wakainuka. Sisi tuliolelewa chini ya migomba twaweza kutabasamu kusikia kwamba chakula cha nyumbani kwetu kiliokoa watoto wa New York!

Lakini hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea. Haas alidhani kwamba ndizi zenyewe huponya, na kwamba mtoto akishapona aweza kurudi kula mkate kama wengine. Wako waliorudi. Kwa macho walionekana wazima. Ndani, ukuta wa matumbo yao uliharibika tena polepole, na wengine hawakujua sababu ya udhaifu wao mpaka walipokuwa watu wazima. Hawakudanganywa na mtu mwovu. Walidanganywa na afya ya nje.

Aliyeshika ufunguo ni Mholanzi, mganga wa watoto aitwaye Willem Karel Dicke, aliyezaliwa mwaka 1905. Aliongoza hospitali ya watoto katika mji wa Den Haag. Inasimuliwa kwamba kabla ya vita mama mmoja kijana alimwambia kuwa mwanawe alipata nafuu kila alipomwondolea mkate. Mganga mwenye majivuno angecheka. Dicke hakucheka. Alisikiliza, akaanza kujaribu chakula kisicho na ngano, na mwaka 1941 akaandika habari zake.

Ndipo ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1944 hata 1945, ambao Waholanzi huuita Msimu wa Njaa. Nchi ilikuwa imefungwa na vita. Mkate ulipotea, na watu walifikia kula hata vitunguu vya maua ya bustanini. Maelfu ya watu walikufa. Lakini Dicke aliona jambo la kushangaza: watoto wake wenye seliaki hawakuzidi kuugua kwa kukosa mkate. Na mkate ulipopatikana tena, ulioletwa kama msaada, watoto hao wakaugua upya. Kilichokuwa furaha ya taifa zima kilikuwa maumivu kwao.

Hata hivyo Dicke hakutosheka na kuona kwa macho. Vita vilipokwisha, yeye na wenzake wa mji wa Utrecht walimwondolea mtoto ngano, wakamrudishia, wakamwondolea tena, huku wakimpima uzito na kupima mafuta yaliyomo katika choo chake. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake mbele ya Chuo Kikuu cha Utrecht, na katika miaka iliyofuata ikajulikana wazi kwamba mkosaji ni gluteni. Dicke alifariki mwaka 1962, lakini tangu siku zake ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi umekuwa ugonjwa unaotulia kwa chakula peke yake, bila sindano wala kidonge.

Tazameni tofauti. Haas alirudisha mkate kwa kuamini. Dicke alirudisha mkate kwa kupima. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo.

WATOTO WATATU, MASHAURI MATATU

Mzazi anapouliza kama mkate urudi, yampasa kwanza kujibu swali jingine: Uliondolewa kwa sababu gani? Kwa maana watoto wasiokula mkate hawako katika hali moja.

Mtoto wa kwanza amepimwa barabara hospitalini, na ugonjwa wa seliaki umethibitishwa. Kwake jibu ni fupi: mkate wa ngano haurudi. Haurudi akinenepa, haurudi akifikisha miaka saba, haurudi siku ya sikukuu. Nafuu yake haionyeshi kwamba ugonjwa umekwisha. Yaonyesha kwamba katazo lafanya kazi. Ni kama paa linalozuia mvua: nyumba ikiwa kavu, hatusemi, “Sasa tuliondoe paa.”

Mtoto wa pili mwili wake huikataa ngano kwa namna nyingine. Akila, kwa dakika chache au saa chache ngozi yatoka mabaka, midomo yavimba, hutapika, au pumzi yabana. Hiyo si seliaki, bali ni mzio wa ngano. Wengi wa watoto hao huweza kula ngano wanapokua. Lakini hatari yao ni ya ghafula, hata ya kufa. Kwa hiyo ngano hurudishwa kwao hospitalini, kipande kidogo baada ya kipande, mbele ya mganga mwenye dawa mkononi. Mzazi asithubutu kujaribu jikoni kwake.

Mtoto wa tatu ndiye mwenye habari ngumu zaidi. Aliondolewa mkate kabla ya kupimwa. Akapata nafuu. Labda ana seliaki. Labda alikuwa na ugonjwa mwingine wa tumbo uliokwisha wenyewe. Labda alikuwa na minyoo na akapewa dawa juma lile lile. Nani ajua? Wazazi hupeleka damu yake ikapimwe, na majibu yasema, “Hakuna kitu.” Hufurahi, nao hawajui kwamba kipimo hicho hakina nguvu tena.

Sababu ni hii. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani nyayo za wale askari wanaoushambulia utumbo. Gluteni isipoingia, askari hurudi kambini, na nyayo hufutika. Kadhalika mganga akiingiza mpira mwembamba wenye taa na kutoa kipande kidogo sana cha ukuta wa utumbo ili kukitazama kwa hadubini, aweza kuona manyoya yamekwisha kuota tena. Kumwondolea mtoto mkate kabla ya kumpima ni kama kufagia uwanja kabla ya polisi kuja kutazama nyayo za mwizi. Uwanja ni safi, lakini mwizi hajulikani.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mnaoshuku ugonjwa huu, shikeni neno hili kuliko mengine yote: Msiondoe mkate kabla ya vipimo. Mpelekeni mtoto kwa mganga wakati angali anakula kama kawaida.

JINSI MKATE UNAVYORUDISHWA

Tuseme mkate umekwisha kuondolewa bila kipimo, na wazazi wataka kujua ukweli. Hapo mganga aweza kuamua kumrudishia mtoto gluteni kwa makusudi, ili kuona mwili utajibu nini. Zamani jaribio hilo lilidaiwa kwa kila mtoto: mwaka 1970 waganga wa matumbo ya watoto wa Ulaya waliandika kanuni ya kuchunguza utumbo mara tatu, yaani wakati wa ugonjwa, baada ya katazo, na baada ya kurudisha gluteni. Mwaka 1990 walilegeza kanuni hiyo, kwa kuwa vipimo vya damu vilikuwa vimeendelea. Na tangu mwaka 2012 watoto wengine wenye kingamwili nyingi mno huthibitishwa kwa damu bila kukatwa kipande cha utumbo. Leo basi jaribio la kurudisha gluteni hufanyika pale tu penye shaka ya kweli.

Nalo lina utaratibu wake. Kwanza, mganga akiweza, hutazama ile alama ya urithi katika damu. Mtoto asiyekuwa nayo karibu hawezi kabisa kuwa na seliaki, na familia yaweza kuepushwa na taabu nyingi. Pili, huangaliwa umri. Miongozo ya waganga wa Ulaya ya mwaka 2012 yashauri jaribio hilo lisifanywe kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, wala katika miaka ile ya balehe ambayo kimo huongezeka upesi, kwa sababu mwili unaojengwa haufai kutikiswa. Mtoto mdogo mwenye shaka huweza kuendelea na katazo chini ya uangalizi wa mganga mpaka umri ufae.

Tatu, kiasi hupangwa. Haitoshi kumpa mtoto tonge moja Jumapili na kusema, “Amekula, hakuugua.” Katika jaribio la kweli mtoto huongezewa mpaka ale gluteni kila siku kama watoto wenzake, miongozo ile yataja gramu 15 hivi kwa siku, na kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Nne, vipimo hufuata. Mama huandika katika daftari siku mkate ulipoanza, choo, kutapika, usingizi na tabia. Mganga hupima uzito, kimo na damu kila baada ya muda, na pengine hutazama tena utumbo.

Tano, uvumilivu. Watoto wengine huonyesha dalili kwa siku chache. Wengine kwa miezi. Wengine mwaka wapita na zaidi. Tena wako ambao utumbo waharibika nao hawalalamiki neno lolote. Mwenye kutegemea macho yake peke yake atakosea kama Haas. Na mtoto akianza kuharisha vibaya, kutapika sana au kupungua uzito, wazazi wasingoje siku ya miadi. Wamrudishe kwa mganga mara moja.

PENDO LA BIBI

Tuseme sasa mfano. Mtoto mmoja, tumwite Yosefu, amethibitishwa kuwa na seliaki. Mwaka mzima mama yake amemlinda. Siku moja amemwacha kwa bibi yake ili aende sokoni. Aliporudi alimkuta Yosefu ana andazi mkononi.

“Mama, nilikuomba usimpe,” asema mama Yosefu kwa heshima, huku machozi yakimlengalenga.

“Mkwe wangu,” bibi ajibu, “nimezaa watoto wanane, nimewalea wote. Tazama mjukuu wangu alivyonenepa. Kidogo tu kitamdhuru nini? Alilia. Ningewezaje kumnyima mume wangu huyu mdogo?”

Nani atamlaumu bibi huyo? Neno lake latoka katika pendo. Lakini pendo lahitaji nuru. Mwaka 2007 waganga wa Italia walitangaza majaribio waliyofanya kwa watu wazima wenye seliaki waliokuwa wakishika katazo: miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa muda wa siku 90, zilitosha kuudhuru ukuta wa utumbo. Miligramu 50 ni nini? Ukikata kipande kimoja cha mkate katika sehemu 40, sehemu moja ndiyo hiyo. Ni makombo yanayobaki mezani. Basi “kidogo tu” cha kila siku si kidogo.

Mama Yosefu angefanya nini? Kugombana na mkwewe si dawa. Afadhali baba wa mtoto amchukue mama yake mzazi siku ya kwenda hospitali, ili asikie mwenyewe maneno ya mganga. Kisha wampe kazi ya heshima: yeye awe mlinzi wa chakula cha mjukuu. Bibi aliyeelewa hulinda kuliko askari. Atamchomea ndizi, atampikia kitumbua cha unga wa mchele katika mafuta mapya, na mtoto hatalia tena kwa kutengwa. Na mwalimu wa shule aambiwe vilevile, kwa maana watoto hubadilishana vyakula saa ya mapumziko.

MEZA YETU YA KIKONGO

Katika nchi za Ulaya mkate usio na gluteni ni ghali, na wazazi hulalamika. Sisi twaweza kushukuru. Muhogo, mahindi, mchele, mtama, ulezi, ndizi, viazi vitamu, mbaazi, maharagwe, karanga, samaki, mayai, nyama, sombe: hivyo vyote havina gluteni kwa asili. Uji wa mahindi, soja na mtama humjenga mtoto vizuri. Mtoto mwenye katazo aweza kula chungu kimoja na ndugu zake, bila kununua kitu cha pekee.

Lakini yafaa kuwa na macho mawili. Jicho la kwanza litazame uchafu wa ngano: kinu kinachosaga ngano kisha mahindi huacha unga wa ngano ndani, mafuta yaliyokaanga maandazi hubaki na gluteni, na kuna unga wa uji unaouzwa tayari ukiwa umechanganywa na ngano. Mama aulize muuzaji, asome karatasi, na akiweza asage nafaka zake mwenyewe. Jicho la pili litazame nguvu ya chakula. Mtoto aliyeondolewa mkate akapewa fufu la muhogo peke yake amekosa mara mbili, kwa maana muhogo una protini kidogo mno. Aongezewe maharagwe, karanga, samaki wadogo au yai. Na muhogo mchungu ulowekwe siku za kutosha kama wazee walivyotufundisha, kwa kuwa sumu yake yaweza kuharibu miguu ya watoto.

Tena twawasihi wazazi: si kila tumbo lililovimba ni seliaki. Huku kwetu minyoo, maji machafu na upungufu wa chakula huwavimbisha watoto wengi kuliko ngano. Mtoto mwenye utapiamlo akinyimwa mkate bila sababu, amenyang'anywa kidogo alichokuwa nacho. Kwa hiyo mganga kwanza, katazo baadaye.

KOMUNYO YA KWANZA

Wazazi Wakatoliki watauliza jambo moja zaidi. Mtoto asiyeweza kula ngano, na hostia imetengenezwa kwa ngano: je, siku ya Komunyo ya kwanza atabaki kitini akiwatazama wenzake?

La, hatabaki. Kwa barua ya tarehe 24 Julai 2003, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, Kanisa lilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, lakini hostia yenye gluteni kidogo sana, iliyo bado mkate wa kweli, yafaa. Na mlei asiyeweza kupokea hata hiyo aweza kupokea kwa umbo la divai peke yake, naye hupokea Komunyo iliyo kamili. Barua nyingine ya mwaka 2017 ilikumbusha maneno hayo hayo. Huko Clyde, katika jimbo la Missouri la Marekani, masista Wabenediktini walifanya kazi kwa miaka mingi mpaka wakapata hostia yenye gluteni sehemu moja tu katika sehemu 10,000.

Wazazi wasione haya. Waende kwa padri mapema, miezi kabla ya sikukuu, wamweleze hali ya mtoto. Wamwulize pia mganga kama kiasi hicho kidogo chafaa kwake. Mtoto akichagua divai, itumiwe kalisi ya pekee ambamo kipande cha hostia hakikutiwa. Na katekista awaeleze watoto wengine, ili mwenzao asidhaniwe kuwa na kosa fulani.

NENO LA MWISHO

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka. Kumwondolea mtoto mkate ni kazi ya dakika moja. Kumrudishia yataka mganga, mizani, daftari na saburi. Kabla hamjaondoa, pimeni. Mkiisha kuondoa bila kupima, ulizeni kabla ya kurudisha. Na kama mganga amesema kwamba mkate haurudi, basi usirudi, hata mtoto akilia, hata bibi akisihi.

Tumkumbuke yule mama kijana wa Uholanzi. Hakuwa na shahada wala hadubini. Alimtazama mwanawe kwa makini, akaona, kisha akaenda kumwambia mganga aliyejua kusikiliza. Macho ya mama na vipimo vya mganga vilipokutana, watoto wa ulimwengu mzima walipata uzima. Nasi katika nyumba zetu twaweza kufanya vivyo hivyo.